Sinia lisigeuke bwawa: vijiti vya vitafunio bila kuwasha moto

Swali: "Anti, salaam. Mdogo wangu anahitimu chuo Desemba hii na tunamfanyia sherehe nyumbani kwangu Donholm, Jumamosi saa nane mchana. Tutakuwa watu kama 40. Meko yangu ni ya gesi, mioto miwili tu, na shangazi ameshaikalia yote kwa pilau na kuku. Mimi nimeachiwa vitafunio vya kuanzia. Nataka vile vya kuchomeka kwenye vijiti, visivyogusa moto hata kidogo. Mwaka jana nilijaribu nikaaibika: nilichomeka tikiti na chizi ya feta asubuhi, wageni walipofika sinia lilikuwa bwawa, na vijiti vya parachichi vilikuwa vyeusi kama vimeokotwa. Nitengeneze nini, na nianze lini? Friji yangu ni ile ndogo ya kufika kiunoni. Baadhi ya wageni ni Waislamu, na kuna mtoto wa miaka sita asiyeweza kula njugu, zinamvimbisha midomo."

Dada, pole kwa ya mwaka jana na hongera kwa mdogo wako. Nimelisha watu kwenye sherehe za Nairobi miaka 19 sasa, na hilo bwawa lako nalijua. Nimewahi kuogelea humo mwenyewe, nitakusimulia.

Hukukosea kuchagua, ulikosea saa. Tikiti na feta ni ndoa nzuri lakini ni ndoa ya dakika ishirini. Tikiti ni maji matupu, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Feta nayo imelala kwenye maji ya chumvi tangu itengenezwe. Ukivigusanisha, chumvi inaanza kuyavuta yale maji, taratibu na bila kupumzika, na kipande ulichokikata mchemraba kimeshafunguliwa milango pande zote sita. Toka asubuhi hadi saa nane ni muda gani? Bwawa lilikuwa halali yako.

Ukishika hilo, mengine utayabuni mwenyewe: adui wa kijiti kisichopikwa ni maji, na anayemwita ni chumvi. Mshikaki wa nyama una moto wa kuutetea, unakauka nje na kubaki na utamu wake ndani. Kijiti chako hakina mlinzi. Kwa hiyo kila kitu unachokichomeka kiulize maswali mawili: maji yako yamefungiwa wapi, na chumvi itakufikia saa ngapi? Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania wana kijiti wanachokiita gilda: zeituni, pilipili ya siki, na samaki mdogo kama dagaa aliyelazwa kwenye chumvi. Kinakaa juu ya kaunta ya baa kikingoja wateja, wala hakitoi machozi. Siri ni kwamba vyote vitatu vililia machozi yao zamani, kwenye chumvi na siki, kabla hawajakutana kijitini.

Sasa vijiti vyenyewe. Usinunue vile virefu vya mishikaki ya nyama vya sentimita 25 ukasema utavikata nusu. Mianzi ikikatwa kwa kisu huacha nyuzi, na nyuzi hizo huishia kwenye ulimi wa mtu. Tafuta vya sentimita 10 hadi 12, kama utavipata vyenye fundo mwishoni ni bora zaidi kwa sababu mgeni ana pa kushika. Maduka ya jumla ya vifaa vya sherehe mjini, upande wa River Road, huwa navyo kwa pakiti. Kwa vitafunio vya tende, nitakavyokueleza mbele, tumia vijiti vya meno tu. Na usiviloweke. Ushauri wa kuloweka vijiti ni wa watu wa jiko la makaa, ili visiungue. Wewe huna moto, ukiviloweka utakuwa unaingiza maji uliyokuwa unayakimbia.

Kijiti kimoja, vitu vitatu, basi. Watanzania wakibebana watatu kwenye bodaboda huita mshikaki, na kila aliyepanda hivyo anajua kwamba wa nne hana pa kukaa. Kijiti chenye vipande vitano kinamlazimisha mgeni ageuze shingo kama anapiga filimbi, na cha mwisho kinaangukia gauni.

Kwa hesabu, chakula kizito kikiwa kinafuata, mimi hupigia vijiti vitano kwa kichwa. Watu 40 ni vijiti 200. Usiogope hiyo namba. Vifanye vya aina nne, hamsini hamsini, na watu wawili waliokaa mezani na redio ikilia wanamaliza kuchomeka vyote kwa muda wa saa moja hivi. Kinachokula muda ni kukata na kukausha.

Aina ya kwanza ni tende na chizi, na hiyo ndiyo itakayokupa usingizi Ijumaa usiku. Nusu kilo ya tende za kawaida, si zile kubwa za bei, hukupa hamsini na chache za kuonja. Zichane upande mmoja, toa kokwa, weka ndani kijipande cha gouda cha unene wa kidole kidogo na urefu wa tende yenyewe, kisha zifunge na kuzichoma kijiti cha meno kupenya katikati. Robo kilo ya gouda inatosha. Ukiwa na chungwa, kwaruza ganda lake la nje kidogo tu juu ya chizi kabla ya kufunga. Ile harufu inafanya watu waulize umeweka nini. Tende ni sukari na nyama kavu, haina maji ya kumwaga, kwa hiyo hata ikilala usiku kucha kwenye friji inaamka vile vile. Ila kokwa zihesabu. Tende hamsini, kokwa hamsini kwenye sahani ya pembeni. Ukikuta 49, rudi utafute, maana kuna jino la mtu humo.

Ya pili ni panir, yaani chizi ya Kihindi, na nyanya ndogo zile za duara, za cheri. Panir utaipata kwenye maduka ya Wahindi Ngara au Parklands, na nakupendekezea hiyo kuliko feta kwa sababu tatu. Haina chumvi nyingi. Haivunjiki ikichomwa kijiti, mradi uikate ikiwa baridi. Halafu maziwa yake hugandishwa kwa ndimu au siki, ilhali chizi nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho huenda kimetoka tumboni mwa ndama, jambo ambalo baadhi ya wageni wako Waislamu, na majirani Wahindi kama wapo, huliulizia. Hiyo gouda ya kwenye tende nayo isome kibandiko, zipo zilizoandikwa kwamba zinawafaa wasiokula nyama.

Nusu kilo ya panir ikate michemraba ya sentimita mbili. Ipake mafuta ya zeituni, pilipili manga, ndimu kidogo na dania iliyokatwa ndogo ndogo sana. Dania yenyewe uioshe kwa maji safi zaidi ya mara moja, maana ya hapa mjini hujui imenyweshwa maji ya mto gani, kisha uikaushe kwenye taulo mpaka iache kung'aa. Dania yenye maji haing'ang'anii panir, inateleza chini. Chumvi hapa unaweza kuweka, na utajua kwa nini ukiitazama nyanya: hukuikata. Imevaa koti lake la mvua. Kijiti kinaitoboa matundu mawili tu, na chumvi ya panir inabaki nje ikigonga mlango. Nyanya, panir, nyanya. Kilo moja na kidogo ya nyanya inatosha kwa vijiti hamsini. Na uzinunue kwa mkono wako, ukizichagua ngumu. Uende na ndoo au kikapu kigumu, si ile mifuko laini tuliyobaki nayo baada ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Nyanya za cheri zikifika nyumbani zimepasuka, koti limechanika, na nadharia yangu yote imekwisha.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie. Desemba ni msimu wa maembe, na kila aliyekulia nchi hii amewahi kusimama kando ya barabara akila embe lenye chumvi na pilipili mpaka machozi yakamtoka. Kijiti chako kiwe hicho. Chagua maembe yaliyo katikati, yaliyoanza kupata rangi upande mmoja lakini ukiyabonyeza yanakukatalia. Ngowe ndiyo chaguo langu, lile refu lililopinda kama mdomo, nyama yake ni laini na haina nyuzi. Yakikosekana, yale ya duara yenye wekundu yanayotoka Makueni na Machakos, watu huyaita epo, yanafaa. Embe la nyuzi liache kabisa: kijiti kinapita lakini meno hayapiti, mgeni anabaki anavuta kama anacheza zeze. Nunua manane.

Kukata ni hivi. Lisimamishe embe juu ya kibao, kikonyo juu, upande mwembamba ukikutazama. Kokwa ni bapa, na imesimama katikati kama ubao ndani ya embe. Shusha kisu upande wa kulia wa kikonyo, upana wa kidole mbali nacho, mpaka chini; kisha kushoto. Una mashavu mawili. Sasa menya kila shavu kwa kisu chembamba. Usilichane kwa ndani na kuligeuza kama watoto wanavyofanya, kwa sababu vipande vya namna hiyo hutoka vimebonyea chini na havikai wima. Shavu lililomenywa lilaze, sehemu bapa chini, lipige mistari ya sentimita mbili na nusu, ligeuze, lipige tena. Vile vipande vya pembeni visivyo na umbo ni vyako na watoto wanaozunguka jikoni.

Mwenzi wa embe ni tango. Matango mawili makubwa, yapasue kwa urefu, na kwa kijiko kwangua ule ute wa mbegu wote utoke. Hapo ndipo tango huficha maji yake. Kata nusu duara nene. Embe, tango, embe. Na chumvi? Chumvi na pilipili ya kusaga visiguse kijiti kamwe. Vichanganye na uviweke kwenye kichupa chenye matundu kifuniko, kikae kando ya sinia na vipande vya ndimu. Mgeni anajinyunyizia sekunde moja kabla ya kula. Chumvi inafika, lakini inafikia kinywani. Zamani nilikuwa naweka bakuli la kuchovya nikaacha, kwa sababu watu huchovya, wanauma, halafu wanachovya tena.

Ya nne ni tikiti lako la mwaka jana, ulirudishe kwa heshima. La kilo tano au sita, zito kuliko linavyoonekana, lenye doa la njano pale lilipolalia shambani. Doa jeupe maana yake lilichumwa na haraka. Lisugue ganda kwa brashi na maji safi kabla ya kulipasua, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaubeba uchafu mpaka katikati ya nyama. Kata michemraba ya sentimita tatu, iweke kwenye chujio juu ya sufuria nusu saa ndani ya friji, kisha ilaze juu ya tishu za jikoni uipapase. Yale maji yanayobaki kwenye sufuria ndiyo yangekuwa bwawa, yanywe. Kipande, jani la mnanaa, kipande. Hakuna chizi, na kwa kweli mtu aliyetoka juani hahitaji chizi.

Ganda usilitupe. Lipasue tikiti kwa upana ubaki na nusu mbili, ukomboe nyama yote kwa kijiko kikubwa na kisu, kisha nusu moja uigeuze kifudifudi katikati ya meza uchomeke humo vijiti. Waingereza miaka ya 1970 walikuwa na mtindo wao huo, wa kuchomeka chizi na nanasi la mkebe kwenye nusu ya balungi mpaka ikafanana na kalunguyeye. Tulicheka picha zake, lakini kwenye nyumba yenye meza moja, kalunguyeye wa tikiti anabeba vijiti thelathini pasipokula nafasi ya sinia.

Zingatia kwamba nanasi lao lilikuwa la mkebe. Hapa ndipo penye bwawa langu. Mwaka mmoja niliitwa kulisha chama cha akina mama Lang'ata, na nikajifanya mjanja: nanasi bichi na panir, nikachomeka vyote Ijumaa usiku, nikafunika, nikalala kwa raha. Asubuhi kila panir ilikuwa na ute upande uliogusana na nanasi, na nilipoonja ilikuwa chungu, uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Nilivichomoa vijiti vyote kimoja kimoja nimesimama kwenye sinki. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromeleni kinachovunja protini, na chizi ni protini. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekua nikiona wachoma mishikaki wakipaka nyama papai bichi ili ilainike, na ni kazi ya aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba papai lina papeini. Nilikuwa nimeilainisha panir usiku kucha kama nyama ya ng'ombe mzee. La mkebe halina shida hiyo kwa sababu moto wa kiwandani umeshakiua hicho kimeng'enya. Kwa hiyo ukitaka nanasi, likae peke yake, au likutane na chizi mgeni akiwa ameshagonga mlango.

Parachichi sitakuruhusu. Likikatwa linakutana na hewa na kuwa jeusi. Ndimu huchelewesha tu. Isitoshe lililoiva vizuri halishiki kijiti, na linaloshika kijiti halijaiva. Ukilipenda sana, liponde na ndimu na kitunguu, uweke bakulini na nailoni ya kufunikia chakula iguse uso wake kabisa hewa isipate nafasi, watu wachovye vijiti vya karoti.

Najua kuna mjomba atakayeuliza soseji za smokie ziko wapi. Smokie baridi kwenye kijiti ni mafuta yaliyoganda, na anayeziweza ni yule kijana wa mkokoteni barabarani mwenye moto chini na kachumbari juu. Salami na "ham", zile nyama za kukatwa vipande vyembamba, nazo ziache safari hii. Zipo za nguruwe na zipo za ng'ombe, zikikaa sinia moja huwezi kumlaumu mgeni Mwislamu akikataa sinia zima, na kuku wa shangazi anakuja. Chunga pia zile peremende laini nyeupe (marshmallow) ambazo watu hupenda kuwachomekea watoto na matunda: nyingi zina jelatini, na jelatini mara nyingi ni ya nguruwe.

Saa sasa. Alhamisi jioni nunua tende, gouda, vijiti, panir, na ugandishe chupa nne za maji za nusu lita. Ijumaa asubuhi nenda soko la Marikiti mapema, au kama huwezi msongamano wa huko, mwagize mama mboga wako tangu Jumatano, na umwambie ni ya vijiti ili akuchagulie ngumu. Ijumaa usiku malizia tende, kata panir uipake viungo, osha nyanya na kuzikausha. Tikiti libaki zima. Jumamosi saa nne asubuhi kata maembe na matango, kila kimoja chombo chake. Saa sita chomeka panir na nyanya. Saa saba chomeka embe na tango, na wakati huo tikiti linachuja kwenye friji. Tikiti lenyewe lichomeke saa nane kasoro robo, hata ukiwa umeshavaa; funga leso kiunoni.

Na kadi ikisema saa nane, wewe na mimi tunajua watu wa Nairobi watajaa saa tisa na nusu. Usitoe vijiti vyote 200 kumpokea jirani aliyewahi. Toa sinia la kwanza watu kumi wakishakaa, tende na embe, halafu utoe mengine kwa zamu. Shirika la Afya Duniani kwenye kanuni zake tano za chakula salama, za mwaka 2001, linaonya chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumbani zaidi ya saa mbili, na vinavyoharibika haraka viwekwe kwenye baridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5. Mimi saa hizo mbili nazitumia hata kwa matunda yaliyokatwa na panir, na Desemba, nyumba ikiwa na watu 40 na sufuria mbili za pilau zinafuka, naona hata mbili ni nyingi. Sinia likizidi muda huo, kilichobaki usikirudishe kwenye friji.

Friji ya kiunoni inatosha kama hutasimamisha kitu. Vijiti vilaze kwenye vyombo bapa vyenye vifuniko, safu moja, tishu ya jikoni chini, kisha vyombo vipande ghorofa. Tikiti la vipande likae kwenye boksi la barafu pamoja na zile chupa ulizogandisha. Boksi kama huna, azima kwa mtu yeyote anayeuza soda. Stima ikipotea, na Jumamosi ya sherehe ndiyo hupenda kupotea, usifungue friji kuangalia. Ikibaki imefungwa huhifadhi baridi kama saa nne.

Wageni wakizidi, na watazidi kwa sababu kila mmoja atakuja na "huyu ni rafiki yangu", uwe na mkebe mmoja wa zeituni zisizo na kokwa na kipande cha gouda cha ziada. Zeituni, chizi, zeituni, dakika kumi una vijiti thelathini. Hivyo ni gilda yako ya Donholm, na havitoi maji.

Mtoto wa njugu mtengenezee sahani yake ya kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu kingine, kwa kibao na kisu vilivyooshwa: embe, tango, tikiti. Asipewe tende mpaka umesoma pakiti, kwa kuwa nyingi hufungashwa mahali panapofungashwa njugu. Ndiyo maana pia sikukuambia uweke korosho wala lozi ndani ya tende, ingawa ni tamu. Hatari kubwa hata hivyo haitatoka kwako. Itatoka kwa shangazi mwingine atakayeleta bakuli la karanga akaliweka katikati ya meza kwa moyo mweupe, na mikono ikatoka humo ikaingia kwenye sinia. Wapigie simu leo. Na mama wa mtoto mwulize dawa yake huiweka wapi. Walio chini ya miaka mitano usiwape kijiti, wala nyanya nzima. Zipasue kwa urefu vipande vinne uwape kwenye kikombe.

La mwisho ni vijiti vilivyotumika. Kando ya kila sinia weka glasi tupu, na ndani yake wewe mwenyewe uchomeke kijiti kimoja kilicholiwa, kabla mgeni wa kwanza hajafika. Glasi tupu watu hudhani ni ya kunywea. Yenye kijiti kimoja hawahitaji kuambiwa. Usipofanya hivyo utavikuta kwenye vyungu vya maua na katikati ya mito ya kochi mpaka Pasaka.